Achari ya Matufaha, Nje ya Harrow

Kodi ya nyumba ile ilikuwa nafuu mno, na mimi niliyezaliwa nyuma ya duka la Kariakoo nilijua kwamba kitu kikiwa nafuu mno kina jambo. Nikaizunguka mara mbili. Paa zima, madirisha yanafunga, bomba linatoa maji, choo kiko ndani. Jambo lenyewe sikuliona, kwa sababu tulikwenda kuitazama katikati ya kiangazi, na wakati huo jambo lilikuwa bado liko juu ya miti, la kijani, linapepea.

Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kiingereza, mjane, aliyekaa nyumba ya pili yake. Bustani ya kwake na ya kwetu zilitenganishwa na ua wa miti mifupi wenye kijilango. Alitaka kodi ndogo, na juu ya kodi alitaka kazi za vuli: kuchuma matufaha, kuzoa majani, kusafisha mifereji ya paa. Magoti yake, alisema, yalishaikataa ngazi. Nikamuuliza kama ni hayo tu. Akasema ni hayo tu. Nikamuuliza tena, maana mara ya kwanza mtu hujibu kwa adabu na mara ya pili hujibu kweli. Akacheka, akasema ni hayo tu, mai dia. Mume wangu akanikanyaga mguu. Tukapeana mikono.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni, wakati sisi Wahindi wa Afrika Mashariki tulipokuwa tukiteremka London na masanduku yaliyofungwa kamba, kila mtu akiuliza mwenzake wapi kunapatikana bizari. Mimi nilitoka Dar es Salaam. Mume wangu na mama yake walitoka Unguja. Nyumbani tulisema Kikachi, lugha ya wazee wetu, na Kiswahili, na mambo mazito tuliyasema kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ambayo mimi na mama mkwe tuliweza kugombana vizuri.

Baridi yetu ya kwanza tuliikaa Harrow mjini, pembeni ya London, chumba kimoja juu ya duka la viatu. Kule Unguja mama mkwe, niliyemwita Mama, alikuwa na ua, jiko la nje na dari pana juu ya nyumba, ya kuanikia. Harrow alikuwa na dirisha. Alikaa mbele yake na koti lake kama mtu anayengoja treni. Ndiyo maana tulitoka mjini, mpaka pale ambapo safu ya nyumba inakatika ghafla na ng'ombe wanaanza, na mume wangu akakubali kutembea kila asubuhi mwendo mrefu hadi stesheni ili awahi ofisini.

Wiki ya kwanza katika nyumba mpya, mezani, Mama akatangaza bila hasira kwamba wifi yangu, bintiye wa Mombasa, amemtengenezea chumba. Yeye atangoja vuli. Majani yakiisha mitini na mikono yake bado haina kazi, atapanda ndege kabla baridi haijakaza.

"Mie si sanduku," alisema, "niwekwe pembeni ningojee kufunguliwa."

Mume wangu akaikodolea macho sahani yake. Mimi nilikuwa na mimba changa, mtoto akitarajiwa mwanzoni mwa mwaka, na sikutaka aende. Mama yangu mzazi alishafariki zamani. Katika nchi nzima ile, yule mama ndiye mtu pekee niliyemjua anayeweza kumkanda mtoto mchanga, na tena ndiye pekee aliyecheka nilipotania. Mume wangu ni mtu mwema lakini hucheka kesho yake. Hata hivyo sikumbembeleza. Ukimbembeleza mama mkwe umeshamwonyesha bei uliyo tayari kutoa.

"Haya Mama," nikasema, "tutayaona hayo majani."

Tukayaona.

Mwezi wa tisa ulipokuwa unaisha, hewa ilibadilika asubuhi moja kama mtu aliyefungua mlango wa ghala. Jua lilikuwepo, limening'inia chini kule shambani, la rangi nzuri kabisa, lakini ukisimama ndani yake halikupi kitu. Moshi wa makaa ulitoka kwenye dohani ya bibi jirani ukanyooka. Na miti ikaanza.

Mama alikuwa amekuja na fagio la chelewa kutoka Unguja, amelikumbatia ndani ya ndege kwa sababu hakuwaamini wapakiaji mizigo. Bibi alituachia reki, lakini Mama aliitazama akasema hicho ni kitana, kinaacha zaidi ya kinachochukua. Kwake yeye uwanja hufagiliwa kabla jua halijatoka, ukabaki mtupu na mistari ya fagio, ili mpita njia asije akadhani ndani kuna mgonjwa. Basi kila alfajiri nilimsikia nje, chwa, chwa, chwa, na sweta mbili na gambuti za mwanawe. Akimaliza huinua mgongo, hugeuka, na nyuma yake uwanja umejaa tena.

"Nimefagia hapa sasa hivi," aliniambia siku moja.

"Nimekuona, Mama."

"Na haya?"

"Mapya."

"Mti huu wanifanyia kusudi."

"Mama, si lazima kila siku. Bibi amesema hata kwa wiki mara moja inatosha."

"Kwa wiki? Na hapo katikati yeye hulala usingizi?" Akaegemea fagio, akatazama juu. "Yamebaki mangapi huko?"

"Hayo hayahesabiki."

"Leo wewe umekuta kitu kisichohesabika? Basi tuyamalize."

"Tuyamalize vipi?"

"Kwenu Kariakoo mtu akitaka embe zilizo juu hufanyaje?"

"Hutikisa tawi."

"Haya basi."

Nitasema tu kwamba wakati ule lilionekana wazo la busara. Kazi ya kugawa kwa wiki nyingi, ukaifanya kwa siku moja, umepata faida ya siku zote zilizobaki. Mimi mwenyewe nililipigia hesabu, nikalipigia tena, likakaa sawa. Jumamosi ile mume wangu akapandishwa ngazi, akafungwa kamba kiunoni, na mwisho wa kamba akapewa mama yake, ambaye uzito wake haukufika nusu ya uzito wa mwanawe.

"Mama, nikianguka utanizuia?"

"Ukianguka nitajua umeanguka. Tikisa."

Mimi niliamriwa nikae mbali, una mtu tumboni wewe, na Mama mwenyewe akaingia ndani akatoka na sufuria kubwa ya pilau kichwani, maana mti wa kwanza ulikuwa mtufaha mkongwe na matunda ya juu hatukuwa tumeyafikia. Mume wangu akatikisa. Majani yakateremka kama mtu aliyemwaga gunia, na matufaha nayo yakaanza kudunda: moja begani kwake, moja kwenye sufuria, likalia kama kengele ya shule.

Bibi jirani akatoka na kikombe chake cha chai. Alikuta mwanamume mwenye tai amekumbatia tawi, mwanamke mwenye sufuria kichwani ameshika kamba, na mimi nimekaa juu ya ndoo nikilia kwa kucheka. Akauliza kwa upole tunafanya nini. Nikamwambia tunayamaliza majani. Akautazama mti, akatutazama sisi, akanywa chai kidogo.

"Marehemu mume wangu," akasema, "maisha yake yote aliyangoja yaanguke. Hakuna aliyewahi kumwambia kuna njia nyingine."

Nikamtafsiria Mama. Mama akaivua sufuria kwa heshima.

"Mwambie poleni sana," akasema.

Kazi ilitufikisha jioni. Tulimaliza miti minne, mume wangu akakwaruzwa mpaka masikioni, na uwanja ukafagiliwa ukawa mtupu kama kiganja. Usiku upepo ukageuka, ukatuletea majani ya shamba la jirani na ya jirani wa jirani. Asubuhi Mama alisimama mlangoni na fagio lake.

"Haya si yetu," akasema.

"Si yetu."

"Na wameyaleta kwetu."

Safari hii yeye ndiye aliyeanza kucheka, mpaka akashika mlango.

Ndani ya kicheko hicho akainama, akaokota tufaha moja lililokuwa miguuni pake. Hayo hayakuwa matufaha ya dukani, mekundu, ya kula huku unatembea. Yalikuwa makubwa, ya kijani, ya kupikia, bibi alisema, na mimi nilishayang'ata mara moja meno yakaganda. Mama akalifuta kwa mtandio, akaling'ata. Akatafuna. Akang'ata upande wa pili, kama mimi ninavyofanya na kitu ninachotaka kukinunua.

"Hili embe," akasema.

"Hili tufaha, Mama."

"Najua tufaha. Lakini lajifanya embe. Embe bichi la wiki ile kabla halijafanya kokwa gumu." Akalitazama. "Lafaa achari."

Tangu tufike hakuwa ametia achari, na kwao kila mwaka ilitiwa, mitungi inayosimama ukutani mrefu hadi mfupi. Nilizijua taratibu zake kwa sababu alishanisomea mara nyingi mbele ya dirisha la Harrow. Embe hukatwa, hupakwa chumvi na manjano, hulala, hukamuliwa, halafu huanikwa juani mpaka vipande vinyauke, vikunje kingo. Ndipo hupata haradali, uwatu, pilipili na mafuta. Na mkono uliotia chumvi ndio huo huo utakaokoroga mpaka achari iive. Mkono wa pili ukiingia, ukungu huingia nao. Yeye aliamini hivyo kama watu wengine wanavyoamini benki.

Siku ile tukakata matufaha. Vidole vyake vilikwenda mbio, mimi nikimfuata kwa mbali, na aliimba kitu cha Kikachi ambacho sikuwahi kumsikia akikiimba. Kesho yake tukatandika shuka nyeupe juu ya paa la kibanda cha makaa, lililokuwa tambarare, tukavipanga vipande mstari kwa mstari. Nilivihesabu wakati wa kuvipanga na nikavihesabu tulipomaliza, vikalingana. Jua lilikuwa limetoka. Mama akakaa kando ya kibanda juu ya kigoda, fimbo mkononi ya kuwafukuza kunguru, ameridhika kama askari wa forodhani.

Kuanika nako kuna imani yake: kwamba jua likitoka asubuhi litakaa mpaka jioni. Huku, kabla chai haijapoa, wingu lilitoka upande wa ng'ombe, manyunyu yakaanza, tukakimbilia ngazi. Tukakunja shuka, tukaingiza ndani. Jua likatoka. Tukatandika. Mvua. Tukaingiza. Mara ya nne Mama alisimama katikati ya ngazi na shuka mabegani, akakataa kupanda wala kushuka, akisema atangoja hapo hapo mpaka wao juu waamue.

"Kwetu vuli yaleta mvua na majani," akasema kutoka ngazini. "Hapa yaleta mvua na kuyaondoa majani. Nani aliwapangia?"

Hapakuwa na mvua tu. Palikuwa na mnyama mdogo wa kijivu, kindi wa huko, mwenye mkia kama brashi ya chupa, ambaye hakuwa na habari na fimbo ya Mama. Nilipohesabu jioni, mstari mzima ulikuwa umepungua. Nikahesabu tena. Kwenye ukuta, kindi alikuwa ameshika kipande kwa mikono miwili, amekionja, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyepewa dawa.

"Ngoja kitiwe mafuta basi," Mama akamwambia.

Lakini siku ya tatu hapakuwa na utani. Vipande vilikuwa vimelegea badala ya kunyauka, na vingine vimeanza kuvaa manyoya meupe. Mama alivigeuza kimoja kimoja kwa ncha ya kidole. Kisha akakusanya pembe za shuka, akaenda kumwaga vyote penye rundo la majani, akarudi jikoni, akaosha mikono kwa muda mrefu.

"Nchi hii haikaushi kitu," akasema akinipa mgongo. "Mwambie mumeo aulize habari za ndege. Miti karibu yote mitupu, na mie nimeshajua."

Aliosha na fagio pia, akalisimamisha kwenye beseni likauke, tayari kwa safari. Nilipomwambia mume wangu jioni, alisema, "Labda ni kweli atafurahi zaidi Mombasa," kisha akaenda kukaa ngazini peke yake na hakula.

Asubuhi yake nilibakiwa na deni la kazi: fungu la matufaha la bibi jirani. Nikajaza toroli nikalisukuma kupita kijilango. Hakujibu mlangoni. Kulikuwa na ukungu shambani na nyasi zilikuwa zimeganda zinavunjika chini ya viatu. Mwisho wa bustani yake palisimama banda la vioo, ambalo mimi siku zote nilidhani ni stoo iliyokosa matofali. Nikaona kivuli chake ndani. Nikafungua mlango kumwita.

Joto likanipiga usoni. Miwani yangu ikafunikwa na mvuke nikabaki kipofu nimesimama, na pua ikaniambia kabla macho hayajaona: udongo mkavu, majani ya nyanya, ubao uliopata jua. Hapakuwa na jiko wala moto. Ukungu ulikuwa unayeyuka nje, na lile jua la bure, lisilokupa kitu ukisimama ndani yake, humo lilikuwa limeingia na kukosa njia ya kutoka. Pembeni meza ndefu za mbao, tupu.

Bibi alikuwa anang'oa nyanya zilizokwisha. Nikashika kiuno. Nilijua hii ndiyo biashara muhimu kuliko zote nitakazofanya Uingereza, basi nikaanza mbali, kama nilivyofunzwa. Nikamsifu nyanya zake zilizokufa. Nikamwuliza banda hili lina kazi gani wakati wa baridi. Nikamwambia kwamba mama mkwe wangu ana shughuli ndogo ya matufaha, ya siku chache, haina uchafu, na kwamba sisi tungeweza, kwa kubadilishana, kusafisha mifereji ya nyumba yake na ya…

"Lichukueni, mai dia," akasema. "Mimi sina haja nalo mpaka masika."

Hilo lilinivuruga kabisa. Mtu akikubali bei ya kwanza, ama umemdanganya ama amekudanganya. Nikajikuta naendelea kubishana, bila mtu wa kubishana naye. Nikaongeza kwamba tutaosha vioo. Akasema hakuna haja. Nikasema na chupa mbili za achari. Akasema nina ukarimu sana. Nilipofika kwenye kumfagilia njia mpaka barabarani nikajizuia kwa nguvu, kwa sababu nilikuwa ninajipandishia bei mwenyewe na soko zima lilikuwa mimi.

Sasa ikabaki kumfikisha Mama bila kumvuta. Nilimkuta anakunja nguo zake.

"Mama, nimeonyeshwa dari," nikasema. "Lakini sina hakika na jua lake. Mimi wa Kariakoo, jua la kuanikia silijui vizuri. Njoo ulikague, kama halifai tuliache."

Kitu cha kukaguliwa hajawahi kukikataa. Akavaa koti juu ya sweta juu ya sweta, akanifuata akinung'unika mpaka kwenye kijilango. Alipoingia bandani alisimama. Akainua kiganja, akakiweka hewani kama anavyopima sufuria. Akavua mtandio wa sufi. Akatembea mpaka mwisho, akigusa meza. Akavua koti, akaninyooshea bila kunitazama. Akavua sweta ya kwanza. Bibi jirani, aliyekuwa ameshika nyanya mkononi, alimtazama mwanamke mnene akigeuka mwembamba.

"Muulize," Mama akasema, "alikuwa akilifungia humu siku zote hizi?"

Nikauliza. Bibi akasema ndiyo, pole sana, angejua angesema.

"Amekubali tulitumie?"

"Amekubali."

"Kwa nini?"

"Sijui. Amekubali mara moja tu."

"Basi kuna kitu. Muulize tena."

Nikamuuliza tena. Bibi akakubali tena. Mama akakunja mikono ya sweta iliyobaki.

Tukakata matufaha upya siku hiyo hiyo. Humo vioo havikujali wingu. Lilipita, likaenda, vipande vikaendelea kunyauka polepole mezani, na kindi akabaki nje na pua yake kwenye kioo. Mama hakutoka. Alipelekewa chai humo, akala humo, akaongea na bibi kwa masaa, kila mmoja kwa lugha yake, juu ya vitu ambavyo walipoonyeshana kwa mikono vilikuwa vile vile. Kupitia ua nilisikia bibi akicheka kwa sauti ambayo hatukujua anayo. Bibi naye akatoa kabatini chupa zake kubwa za jamu, zilizolala tangu mumewe afariki, Mama akazipanga ukutani, ndefu hadi fupi.

Lakini juu ya ndege hakuna aliyesema neno. Mume wangu alishauliza bei na kuniletea, nami nikaikalia.

Kwa desturi ya kwao kuna achari mbili. Ya sukari huiva upesi, kwa wiki unaila, na ukiimaliza umemaliza. Ya mafuta hutaka miezi, hukorogwa kila siku, na kila siku kwa mkono ule ule. Vipande vilipokunja kingo nikaona ndio wakati.

"Mama, ile ya sukari mimi hainipendezi," nikasema. "Ni kama jamu iliyokasirika. Tutie ya mafuta."

Akaendelea kupindua vipande.

"Ya mafuta yataka mtu wa kukoroga mpaka baridi iishe."

"Nitakoroga mimi."

"Wewe mkono wako una haraka, wakoroga kama unapima sukari ya duka." Akapindua kipande cha mwisho. "Haya," akasema. "Kaniletee mafuta ya haradali. Nitakufundisha kukoroga."

Nitakufundisha. Neno hilo nilienda nalo njia nzima ya treni mpaka Harrow likinikwaruza kama lebo shingoni, maana anayefundishwa ni yule anayeachiwa.

Duka la mahitaji yetu wakati ule lilikuwa moja, chumba cha mbele cha nyumba ya mtu, magunia yakifika mpaka ngazini. Mwenyewe alikuwa Mhindi wa Kampala, amekunja uso kwa Kiingereza. Alinitajia bei ya mafuta. Nikacheka kidogo nikaanza kutoka. Akaniacha nifike mlangoni, kisha akaita kwa Kiswahili.

"Dada, unatoka bila kuaga?"

"Niage nini kaka, na bei yenyewe imeshaniaga."

"Wewe si wa Mombasa."

"Kariakoo."

"Nilijua. Wa Mombasa angefika mpaka barabarani." Akavuta kiti. "Kaa basi, tuanze upya, huku siku hizi wananunua tu wanatoka, mdomo umeshaanza kushika kutu."

Tulibishana mpaka chai ikaja na ikaisha, juu ya mafuta, uwatu, hata kamba ya kufungia. Nilitoka nimeshinda na yeye ametabasamu kama aliyeshinda yeye, na sikumbuki katika mwaka mzima ule mimi na mtu mwingine tuliofurahishana hivyo.

Niliporudi, jua lilikuwa la mchana, la mwisho mwisho. Miti ilikuwa mitupu kabisa sasa, yote, mpaka ule wa langoni. Bandani Mama alikuwa amekwisha kusaga haradali, ameketi mkabala na bibi, pilipili kavu zimemwagwa mezani baina yao. Nikampa mafuta. Akayanusa, akayamimina, akaingiza kijiko kikavu cha mbao, akakoroga chupa ya kwanza polepole, ukutani hadi katikati, harufu ikapanda mpaka bibi akatoa leso. Nilisimama nikisubiri aniite nitazame mkono unavyokwenda.

Hakuniita. Alifunika chupa kwa kitambaa, akafunga, akavuta ya pili. Kisha akachukua pilipili moja kavu, akaivunja, akatikisa mbegu kwenye kiganja.

"Muulize bibi," akasema, "mbegu za pilipili huku zatiwa mwezi gani?"

Nikamtazama. Yeye alikuwa anazitazama mbegu.

"Muulize. Umekuwa bubu?"

Nikauliza. Bibi akasema humu ndani, mwezi wa pili, au wa tatu kama baridi ni kali, kwenye vikasha vidogo karibu na kioo.

"Wa pili," Mama akarudia. "Mtoto atakuwa amekwishafika, itabidi nimlaze humu nikiwa natia. Mwambie nataka ile meza ya upande wa jua. Yote, si nusu."

"Mama," nikasema, "na ndege?"

"Ndege gani? Nani atakoroga hizi, wewe?" Akaninyooshea kiganja chenye mbegu. "Na wifi yako nitampelekea salamu, aje yeye huku. Achari haisafiri kabla ya kuiva. Tafsiri basi, bibi anangoja."

Nikamgeukia bibi, nikashika kiuno, nikaanza kumwambia kwamba mama mkwe wangu angependa kujadili habari ya meza, na kwamba kwa upande wetu tuko tayari kuongeza…

"Usimwongezee kitu," Mama akasema kwa Kiswahili, akikoroga. "Ameshakubali, naona usoni. Wewe waharibu biashara."